Kamera Isiyojua Rangi, na Somo Lake kwa Shule za Kagerankanda

Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za kwanza hazijanyesha, miombo ya Kagerankanda hutoa majani mapya. Majani hayo hayaanzi kwa rangi ya kijani. Huanza na wekundu wa shaba, na kwa siku kadhaa mteremko mzima huonekana kama uliowashwa moto usio na moshi. Mkazi wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo hahitaji kufundishwa jambo hilo. Amelishuhudia tangu utotoni, na mrina asali hulitambua kuwa ni dalili ya kukaribia kwa maua.

Sasa tuchukue kamera ya kidijitali ya aina ya pekee, ile ipigayo picha nyeusi na nyeupe tu, isiyoweza kupiga picha ya rangi hata mpigaji akitaka. Tulenge jani changa jekundu na, kando yake, jani pevu la kijani. Picha ikitoka, huenda tusiweze kuyatenganisha, kwa kuwa yote mawili yaweza kuwa ya kijivu kinachokaribiana sana. Tuweke kioo chekundu mbele ya lenzi na kupiga tena: jani jekundu linang'aa, la kijani limekuwa jeusi. Tuondoe kioo chekundu na kuweka cha kijani: mambo yamegeuka. Majani ni yale yale, jua ni lile lile, na kamera ni ile ile, lakini picha tatu zinatoa habari tatu mbalimbali. Je, ipi ni ya kweli?

Maoni yangu ni kwamba shule zetu za sekondari zinapaswa kulifanya swali hilo kuwa sehemu ya somo la mwanga. Sisemi hivyo kwa sababu picha nyeusi na nyeupe zinapendeza, ingawa zinapendeza. Nasema hivyo kwa sababu kamera ya namna hiyo humlazimisha mtu kutambua jambo ambalo kamera ya rangi humficha: kwamba kila picha ni kipimo, na kwamba anayechagua lenzi na kichujio ndiye anayeamua kipimwe nini. Na kwa vijana wa Kagerankanda, kama nitakavyoeleza, elimu hiyo si anasa.

Silikoni haijui rangi

Watu wengi hudhani kwamba kamera ya weusi na weupe ni kamera iliyopunguzwa uwezo. Historia inasema kinyume. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson, wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, aliunda kamera ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja katika kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na vitone 100 kwa 100. Ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Sababu ni ya kimaumbile. Kipande cha silikoni kinachopokea mwanga ndani ya kamera hakijui rangi. Kila pikseli ni kama ndoo iliyowekwa uani wakati wa mvua: hupokea na kuonyesha kiasi kilichoingia, wala haiulizi kimetoka wingu gani. Ili kupata rangi ilibidi kubuni hila. Mwaka 1976 Bryce Bayer, naye wa Kodak, alipata hataza ya mpango wa kuifunika kila pikseli kwa kichujio kidogo sana. Nusu ya pikseli hufunikwa kwa kijani, robo kwa nyekundu, na robo kwa buluu. Kila pikseli hupima rangi moja tu. Zile mbili zinazokosekana hukadiriwa kwa kuangalia pikseli za jirani. Mpango huo ndio msingi wa kamera za rangi zilizo nyingi, zikiwamo za simu. Kwa hiyo katika picha ya rangi ya kawaida, theluthi mbili za tarakimu za rangi hazikupimwa bali zilikadiriwa.

Kamera ya weusi na weupe huviondoa vichujio hivyo. Leica ilitoa kamera ya namna hiyo mwaka 2012, na Pentax ikatoa ya kwake mwaka 2023. Faida zake ni mbili. Kwanza, mwanga ambao ungezuiwa na vichujio humfikia mpokeaji, hivyo picha huweza kupigwa katika mwanga ambao ni karibu nusu ya ule unaohitajika kwa kamera ya rangi. Pili, kila pikseli hueleza kile ilichokipima yenyewe, na mambo madogo kama nyuzi za ganda la mti au mikunjo ya ngozi ya mzee hujitokeza kwa ukamilifu zaidi.

Hasara zake nazo zisifichwe. Rangi ikishapotea wakati wa kupiga, hairudi. Tena, katika kamera ya rangi pikseli za kijani zinapojaa mwanga kupita kiasi, huenda za buluu au nyekundu hazijajaa, na hizo zaweza kusaidia kuokoa sehemu ya habari. Katika kamera ya weusi na weupe pikseli zote hujaa pamoja. Paa la bati jipya lililopigwa na jua la saa sita hubaki doa jeupe lisilo na kitu ndani yake. Mpigaji mwangalifu hupima mwanga kwa kufuata sehemu nyeupe kabisa, na kuziacha sehemu za giza zifafanuliwe baadaye.

Lenzi ichaguliwe kwa swali, si kwa sifa

Mtu akiisha kupata kamera, huuliza ni lenzi ipi iliyo bora. Swali hilo halina jibu mpaka aseme anataka kujua nini.

La kwanza ni urefu wa fokasi. Kwa kamera yenye mpokeaji wa milimita 24 kwa 36, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya nyuzi 47 hivi kutoka kona hadi kona. Ya milimita 28 huona nyuzi 75. Ya milimita 90 huona nyuzi 27 tu. Ya 28 inafaa ukiwa ndani ya darasa au chini ya miti iliyosongamana. Ya 90 inafaa kwa uso wa mtu au mzinga ulioning'inizwa juu ya mti. Hapa wanafunzi wasahihishe kosa moja linalorudiwa mno. Husemwa kwamba lenzi fupi huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Si kweli. Kinachofanya hivyo ni umbali. Mwenye lenzi fupi hulazimika kumsogelea mtu ili uso ujae katika picha, na pua iliyo karibu huonekana kubwa kuliko sikio lililo mbali kidogo. Simama umbali ule ule kwa lenzi zote mbili, kisha kata sehemu ya uso katika kila picha. Uwiano wa pua na sikio utakuwa mmoja.

La pili ni upana wa tundu la lenzi. Namba f hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 iko kwenye f/2. Ikibanwa hadi milimita 12.5 iko kwenye f/4, na mwanga umepungua mara nne, kwa kuwa eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo. Wengi hudhani kwamba kadiri tundu linavyobanwa ndivyo picha inavyokuwa kali. Hilo ni kweli mpaka kiwango fulani tu. Mwanga unapopita katika tundu dogo hutawanyika, tendo liitwalo difraksheni, na nukta hugeuka kuwa duara. Kipenyo cha duara hilo ni 2.44 mara urefu wa wimbi mara namba f. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa milimita 0.00055, kwenye f/5.6 duara lina milimita 0.0075, kwenye f/16 lina milimita 0.021. Kama pikseli ina upana wa milimita 0.004, basi kwenye f/16 nukta moja imeenea pikseli tano na zaidi. Aliyenunua kamera kwa ajili ya ukali wake, kisha akaibana lenzi mno, amejinyang'anya mwenyewe kile alichokilipia.

La tatu ni kasoro ya rangi, nalo ndilo linaloitenga kamera hii na nyingine. Kioo huupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Ndiyo maana mche wa kioo hutoa upinde wa mvua. Lenzi isiyosahihishwa vizuri hukusanya rangi hizo mahali mbalimbali. Katika picha ya rangi kosa hilo huonekana kama ukingo wa zambarau au wa kijani, na programu ya kompyuta yaweza kulipunguza kwa sababu inauona. Katika picha nyeusi na nyeupe ukingo huo hauonekani, lakini haukuondoka: umegeuka kuwa ukungu mwembamba, na hakuna programu inayoweza kujua ulitokana na rangi gani.

Dawa yake ni rahisi kwa namna ya kushangaza. Weka kichujio cha kijani au cha manjano mbele ya lenzi. Ukiacha kupita sehemu nyembamba tu ya urefu wa mawimbi, lenzi haina tena rangi nyingi za kutawanya. Lenzi ya kale iliyodharauliwa yaweza kufanya kazi nzuri chini ya kichujio kimoja cha bei nafuu. Kanuni hiyo hiyo hutumika katika hadubini ya shule, ambayo kwa kawaida lenzi zake zimesahihishwa vizuri zaidi kwa mwanga wa kijani. Jambo la kukumbuka ni kwamba fokasi irekebishwe baada ya kuweka kichujio, maana mahali mwanga mwekundu unapokusanyika huenda si pale unapokusanyika wa kijani.

Kichujio, moshi na nyuso za watu

Kichujio chekundu huifanya anga ya buluu kuwa nyeusi na mawingu kujitokeza. Hupunguza pia utusitusi wa mbali, kwa kuwa chembe ndogo sana za hewa hutawanya mwanga kwa kinyume cha urefu wa wimbi uliopandishwa hadi kipeo cha nne. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu wa nanomita 650. Lakini mwezi wa Agosti, moto wa nyika unapowaka, chembe za moshi ni kubwa zaidi, nazo haziifuati kanuni hiyo kikamilifu. Kichujio hakitamwonyesha mtu kilima kilichofunikwa na moshi mzito. Mwanafunzi akilijua hilo hatakilaumu kioo kwa kosa la moshi.

Lililo zito zaidi ni nyuso. Chembe za rangi ya ngozi yetu hufyonza zaidi mwanga wa buluu na kijani, na kidogo zaidi mwekundu. Kwa hiyo kichujio chekundu huing'arisha ngozi nyeusi na kuyafifisha makovu. Cha kijani huitia giza na kuidhihirisha mikunjo. Filamu za zamani zisizohisi wekundu ziliifanya ngozi nyeusi kuwa nyeusi kuliko ilivyo machoni, na kizazi kizima kikaachwa katika picha ambazo macho na meno tu ndiyo yaonekanayo.

Tusidhani kwamba mambo hayo yamekwisha. Nimepata kushika fomu za wanafunzi zenye picha ndogo zilizopigwa mbele ya ukuta mweupe uliomulikwa na jua. Nyuso zote zilitoka kama mabaka meusi, na mwalimu mwenyewe hakuweza kumtenganisha binti mmoja na mwenzake. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha mtu. Kamera ilipima wastani wa mwanga, ukuta mweupe ukaipotosha, na mpigaji hakujua. Angewasogeza wanafunzi kivulini, mbele ya ukuta wa tofali za udongo, na kupima mwanga wa uso badala ya ukuta, kila mmoja angekuwa na sura yake. Fizikia ya kidato ingetosha kuwarudishia watoto wale nyuso zao.

Macho ya angani

Sasa nieleze kwa nini nimeitaja Kagerankanda. Ni sehemu yenye misitu, mashamba na malisho vinavyopakana, na kwa miaka mingi kumekuwa na mabishano juu ya wapi msitu unaishia na wapi kilimo kinaruhusiwa. Zamani mabishano ya namna hiyo yaliamuliwa kwa vigingi, mito na kumbukumbu za wazee. Leo huletwa pia picha za setilaiti, na mwananchi huambiwa: tazama, hapa palikuwa na miti, sasa hapana.

Picha hizo hutoka katika kamera isiyojua rangi. Tangu Landsat ya kwanza iliporushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972, setilaiti hizo hupima mwanga katika kanda mbalimbali, na kila ukanda ni picha moja ya kijivu. Rangi tunazoziona katika ramani hutiwa baadaye na binadamu. Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, huipima ardhi katika kanda nyingi za rangi kwa vipande vya mita 30. Lakini ina ukanda mmoja mpana, usiotenganisha rangi, wenye vipande vya mita 15. Ni kanuni ile ile tuliyoiona: asiyegawa mwanga kwa rangi aweza kuona mambo madogo zaidi.

Uoto hupimwa kwa kulinganisha ukanda mwekundu na ule wa infraredi iliyo karibu na wekundu. Jani hai hufyonza mwanga mwekundu kwa klorofili yake, lakini huirudisha infraredi kwa wingi. Kielezo cha uoto ni tofauti ya kanda hizo ikigawanywa kwa jumla yake. Tuseme jani bichi hurudisha asilimia 5 ya mwanga mwekundu na asilimia 45 ya infraredi: kielezo ni 0.8. Tuseme ardhi yenye nyasi kavu hurudisha asilimia 20 na 30: kielezo ni 0.2.

Hapo ndipo penye hatari. Miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Msitu mzima, wenye kila shina mahali pake, ukipigwa picha mwezi wa Agosti waweza kuwa na kielezo kinachokaribia kile cha shamba lililovunwa. Na shamba la mahindi mwezi wa Februari laweza kung'aa kama msitu. Anayelinganisha picha ya Februari ya mwaka mmoja na ya Agosti ya mwaka mwingine aweza kutangaza kwamba msitu umeteketea, au aweza kuficha kwamba umeteketea kweli. Wataalamu waangalifu hulijua hilo na hulinganisha miezi inayofanana. Lakini ni nani katika mkutano wa kijiji atakayeinua mkono na kuuliza, "Picha hii ilipigwa mwezi gani, na kwa ukanda upi?" Ningependa awe kijana aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya karibu. Na swali lake lisiwe silaha ya upande mmoja. Msitu unaofyekwa huhitaji ushahidi wa kweli kama vile mkulima anavyouhitaji.

Je, shule itanunua kwa fedha gani?

Mwalimu atauliza, na ana haki. Kamera ya Pentax niliyoitaja ilitangazwa kwa bei ya zaidi ya dola 2,000 za Marekani, na ya Leica hugharimu mara kadhaa ya hiyo. Sipendekezi kwamba shule yenye upungufu wa madawati inunue chombo hicho. Napendekeza tujifunze fikra yake kwa vitu tulivyonavyo.

Simu moja ya mwalimu inatosha kuanzia. Apige picha ya tawi la mwembe lenye majani machanga ya hudhurungi nyekundu na majani mapevu ya kijani. Katika kompyuta, programu ya bure kama GIMP huweza kuitenganisha picha hiyo katika picha tatu za kijivu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Wanafunzi waandike kwanza, kabla ya kutazama, jani lipi litang'aa katika kila picha, na sababu yake. Kisha watazame. Pasipo kompyuta, karatasi ya nailoni nyekundu au ya kijani iliyo angavu iwekwe mbele ya lenzi, na simu iwekwe katika hali ya kupiga picha nyeusi na nyeupe. Atakayekosea ubashiri wake atajifunza zaidi ya aliyepatia kwa bahati.

Atatokea pia wa kusema: ikiwa simu ya rangi yaweza kutoa picha tatu za kijivu, kamera ya weusi na weupe ina kazi gani? Jibu ni kwamba ina kazi pale mwanga unapokuwa haba na pale kipimo kinapohitaji kuwa halisi, kisicho cha makadirio. Na kuna kazi zisizoifaa kamwe. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vijidudu vya malaria katika damu iliyotiwa rangi huhitaji kuona nyekundu na buluu kwa pamoja. Bwana shamba anayekagua batobato katika majani ya mhogo husaidiwa na umanjano wake. Kuchagua kutoona rangi ni uamuzi wa kitaalamu, na uamuzi wa kitaalamu hujua mahali pa kukoma.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, tuliambiwa kwamba elimu imwandae kijana kwa maisha ya jamii yake. Maisha ya jamii ya leo yamejaa picha: za vitambulisho, za mipaka, za mashamba, za misitu. Kijana wa Kagerankanda ataonyeshwa picha maisha yake yote na kuambiwa kwamba picha haisemi uongo. Ni kweli kwamba haisemi uongo. Hujibu tu swali ililoulizwa na lenzi, kichujio, saa na mwezi iliyopigwa. Kazi yetu walimu ni kumfundisha kijana huyo kuuliza swali lilikuwa lipi.

Mvua zikikaribia, mwalimu, watoe wanafunzi nje. Majani mekundu hayatakaa siku nyingi.